Mbolea ya ruzuku Moshi na Arusha: bei ni nzuri, kalenda ndiyo inayotuumiza

Mpango huu wa mbolea ya ruzuku ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Nanenane, tarehe 8 Agosti 2022, kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Anayetaka kuelewa kwa nini huduma hii inamnufaisha mkulima wa Mbozi, kusini, kwa urahisi kuliko wa Kahe, huku Moshi, aanzie hapo. Nyanda za Juu Kusini wana mvua moja ndefu inayoanza kama Novemba. Bei ikitangazwa Agosti, wana miezi mitatu ya kusajiliwa na kusubiri malori, kisha wanapanda. Kaskazini tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Vuli inatukuta usajili ndiyo umechangamka na mbolea nyingi iko njiani kwenda kusini. Masika yanatukuta mawakala wameshamaliza mzigo wa kwanza, na walio na akiba ya DAP, mbolea ya kupandia, ni wa kuhesabu.

Kwa hiyo tathmini hii haiulizi kama ruzuku ni nzuri. Ni nzuri. Inauliza mkulima wa Moshi Vijijini, Hai, Meru au Arusha DC anaipataje kwa wakati wake, na achukue mfuko gani akishafika kaunta.

Tuanze na bei. Kabla ya ruzuku, katikati ya 2022, mfuko wa DAP wa kilo 50 ulikuwa umefika karibu shilingi 131,000 na urea karibu 124,000. Bei za ruzuku za msimu wa 2022/23 zilikuwa 70,000 kwa DAP, 70,000 kwa urea, 70,000 kwa NPK (mchanganyiko wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu), na kwa mbolea nyingine za kukuzia, 60,000 kwa CAN na 50,000 kwa SA. Ekari moja ya mahindi inayopewa mfuko wa DAP wakati wa kupanda na mfuko wa urea wa kukuzia iliokoa zaidi ya shilingi 110,000. Hiyo si hela ya kubeza kwa familia yenye ekari mbili za tambarare. Misimu iliyofuata bei imekuwa ikitangazwa upya, kwa hiyo usiende na bei ya mwaka juzi kichwani. Uliza bei elekezi ya msimu huu kwa wilaya yako, na wakala anayekutajia juu ya hiyo mwambie akuandikie risiti. Mara nyingi bei hushuka yenyewe kabla kalamu haijagusa karatasi.

Ni muhimu kujua pesa inapita wapi. Mkulima hapewi hata shilingi moja mkononi. Serikali, kupitia Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, hufidia tofauti ya bei kwa kampuni inayosambaza mbolea, na fidia hiyo inategemea kumbukumbu kwamba mfuko fulani umemfikia mkulima fulani aliyesajiliwa. Ndiyo maana kila mfuko una lebo ya msimbo wa mraba unaoskaniwa na simu ya wakala, na ndiyo maana wakala hawezi kukuuzia mfuko wa ruzuku bila namba yako, hata kama mmekua pamoja. Pia ndiyo maana mtandao ukikatika biashara inasimama huku mifuko imepangwa hadi darini. Watu hukasirika, wanadhani wanafichwa. Hawafichwi. Asiyeskani anauza kwa hasara, kwa sababu hiyo tofauti hakuna atakayemrudishia.

Waliokuwa wakilima mwanzoni mwa mpango wa vocha, ule wa 2008/09 hadi 2013/14, wanakumbuka ulivyokuwa. Vocha ilikuwa ya ekari moja tu ya mahindi au mpunga, kamati ya kijiji ndiyo iliyochagua nani apate, na mkulima aliongeza nusu ya bei mwenyewe. Asiye na nusu hiyo aliiuza vocha kwa bei ya kutupa, au aliitia sahihi na kuondoka bila mfuko. Mfumo wa sasa umeondoa karatasi na umefungua mlango kwa kila mkulima, si wale tu ambao kamati iliwaona. Hapo umepiga hatua kubwa. Ila tatizo la asiye na fedha taslimu limebaki palepale: ruzuku inashusha bei, haikukopeshi.

Usajili unafanyika kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na ni bure. Nenda na kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya simu inayopatikana, ukubwa wa kila shamba kwa ekari na zao unalopanda. Aliyesajiliwa zamani hasajiliwi upya, anahuisha taarifa. Kwa mkulima wa kaskazini, hapo kwenye kuhuisha ndipo mambo mengi yanapoharibikia, na si kwa hila ya mtu.

Kosa la kwanza ni la ekari. Mtu wa Marangu, Kibosho au Machame ana kihamba juu, nusu ekari au pungufu, chenye migomba na kahawa, kisha ana shamba la mahindi chini tambarare. Akiulizwa shamba lako kubwa kiasi gani anataja kihamba, kwa kuwa ndiko nyumbani. Mfumo unakokotoa mifuko kwa ekari ulizotaja na zao uliloandika. Machi anakwenda dukani anaambiwa, “Mama, namba yako inasoma nusu ekari, ya kahawa.” Anarudi mlimani bila DAP. Taja mashamba yote, moja moja, na zao la kila moja, kisha mwombe mtendaji akusomee alichoandika kabla hujanyanyuka kwenye benchi.

Kosa la pili ni la laini ya simu. Wazee wengi huku wanatumia laini iliyosajiliwa na mtoto aliyeko Dar es Salaam, au wametoa namba ya mtoto kabisa kwa sababu yeye ndiye “anayejua simu.” Ujumbe wenye namba ya usajili unamfikia mtu aliyeko kwenye foleni ya daladala Mbagala, anaufuta. Wachaga wanakuja nyumbani Krismasi. Kabla hawajarudi mjini, wakae na mzee nusu saa: namba ya usajili iandikwe kwenye karatasi ngumu na ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, na laini ya mzee mwenyewe ipelekwe kwa mtendaji kubadilisha. Wakati huohuo kagua kama jina kwenye usajili linafanana na la NIDA. Herufi moja iliyopotea inatosha kukuchelewesha.

Usimpe mtu namba yako “akuchukulie.” Mifuko ikishachukuliwa kwa namba yako, wewe kwenye mfumo umeshapata, na kuthibitisha vinginevyo ni kazi. Wilaya zinazopakana na Kenya, kama Rombo na Longido, zina kishawishi cha zaidi, kwani mfuko wenye bei iliyoshushwa huku unaweza kuvushwa.

Sasa kalenda, ambayo kwa maoni yetu ndiyo nusu ya kazi yote. Huisha taarifa Agosti au Septemba, tangazo likitoka tu, hata kama hulimi vuli. Nunua DAP ya masika Januari, Februari ikikuzidi sana. Tunajua Januari ni mwezi wa sare na michango ya shule. Lakini anayengoja radi ya kwanza ya Machi anakutana na kila mtu kaunta, mtandao umelemewa, na wakala anasema, “Njoo keshokutwa.” Fanya hesabu ya hiyo keshokutwa. Kutoka kijijini hadi Boma Ng’ombe, Himo au Usa River ni nauli ya kwenda na kurudi, na mfuko unahitaji bodaboda kutoka barabarani. Safari mbili za bure zinakula sehemu nzuri ya ulichookoa kwenye mfuko mmoja, na mahindi yaliyopandwa wiki mbili baada ya mvua kuanza hayarudishwi na urea yoyote. Majirani watano wakiungana, mmoja akapiga simu dukani kuuliza kama mzigo upo na mtandao unasoma, kisha wakakodi gari moja, kila mtu akiwa na namba yake na kitambulisho chake, gharama inashuka na safari inakuwa moja.

Mfuko upi? Hapa watu wanapoteza hela kuliko kwenye foleni. Ukinunua mbolea ya kukuzia unanunua naitrojeni, si uzito. Mfuko wa urea una asilimia 46, yaani kilo 23 za naitrojeni. CAN ya asilimia 26 ina kilo 13. SA, asilimia 21, ina kilo 10 na nusu. Kwa bei za 2022/23, kilo moja ya naitrojeni ilikugharimu kama shilingi 3,040 kwenye urea, 4,600 kwenye CAN na 4,760 kwenye SA. SA ya 50,000, iliyoonekana rahisi kuliko zote, ndiyo ilikuwa ghali kuliko zote. Mkulima anayeangalia bei ya mfuko peke yake anaondoka na SA akidhani ameokoa elfu ishirini.

Lakini urea ina sharti lake, nalo ni kufukiwa. Ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevu kidogo kisha jua likawaka, naitrojeni inapaa hewani kama amonia, na kwenye udongo wa magadi inapaa zaidi. Ichimbie kama sentimita tano, kando ya mche, udongo ukiwa na unyevu, uifunike. Ukijua hutapata vibarua wa kufukia, au mvua imekuwa ya kubahatisha, CAN ni salama zaidi ingawa ni ghali kwa kilo. Kwenye vihamba vya juu ambako mvua nyingi imeshaufanya udongo kuwa na asidi, kahawa ipewe CAN au NPK. SA mwaka baada ya mwaka kwenye udongo ule inauongezea asidi, na unakuja kuona majani ya mbuni yamefifia bila kujua kwa nini. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, wanapima udongo. Kipimo kimoja kinakuamulia mifuko ya misimu kadhaa.

SA ina mahali pake, na mahali hapo tunapo: mpunga wa Mabogini na Chekereni, kwenye skimu ya Lower Moshi. Udongo wa chini unaoelekea kwenye chumvi na magadi unafaidika na asidi yake, na salfa inaingia humo humo. CAN usiipeleke kwenye jaruba lenye maji kabisa. Nusu ya naitrojeni yake iko katika hali ya naitreti, ambayo kwenye tope lisilo na hewa hugeuka gesi ikapotea. Urea kwenye mpunga: toa maji, weka mbolea kwenye tope, kisha rudisha maji. Ukiimwaga juu ya maji yaliyotuama, mfereji unapeleka mbolea yako kwa jirani wa chini.

Juu ya fosforasi hatuna mengi. DAP ni asilimia 18 naitrojeni na 46 fosfeti, inafanya kazi karibu popote. Mbolea za Minjingu, zinazotokana na mwamba wa fosfeti unaochimbwa Manyara, barabara ya Arusha kwenda Babati, zilichukiwa enzi za vocha kwa sababu zilikuwa vumbi. Siku hizi zinakuja kwa chenga. Fosfeti ya mwamba huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi, kwa hiyo juu mlimani inastahili nafasi, na kwenye magadi usitarajie makubwa.

Kipimo cha shambani ni kizibo cha soda. Mahindi yakipandwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Kizibo kilichojaa bila kuwa na kichuguu kina kama gramu tano, kwa hiyo mfuko mmoja unatosha ekari moja na kunabaki kidogo. Weka DAP shimoni, funika na udongo kiasi cha vidole viwili, ndipo uweke mbegu. Mbegu ikilala juu ya chenga za DAP inaungua, na lawama inakwenda kwa mwenye duka la mbegu. Urea ya kukuzia subiri mahindi yafike magotini, baada ya palizi. Ukiiweka kabla ya palizi unakuza magugu.

Ukaguzi wa mfuko uufanye palepale dukani. Mshono wa juu uwe wa mashine, mstari mmoja ulionyooka. Matundu ya mshono wa zamani pembeni ya mpya maana yake mfuko umefunguliwa. Lebo ya kuskani iwepo na iskaniwe mbele yako, mfuko utakaoubeba wewe, si mwingine ulioko ukutani. Pima uzito, mizani ipo. Usinunue kwa kilo kutoka mfuko uliokatwa, kwa sababu hapo hakuna mtu anayejibu kilichomo. Kama uwezo wako ni mdogo, uliza mifuko ya kiwandani ya kilo 25, 10 au 5.

Nyumbani kuna kipimo cha dakika mbili. Tia kijiko cha urea kwenye glasi yenye maji kidogo, koroga, shika glasi kwa kiganja. Inakuwa baridi, baridi ya kushangaza, kama imetoka kwenye friji, na chembe zote zinayeyuka, maji yanabaki maangavu. Chumvi ikiwa imetiwa badala ya urea nayo huyeyuka lakini haitoi baridi ya namna hiyo. CAN inatoa baridi pia, ila huacha masalia chini, ni chokaa yake, usiogope. SA ukiichanganya na majivu yenye unyevu kidogo inatoa harufu kali ya amonia papo hapo, ya kuchoma pua. Urea haitoi harufu hiyo mara moja. Ndiyo maana hupaswi kuchanganya SA au DAP na majivu ya jikoni kwenye ndoo moja ukidhani unaongeza nguvu. Unaifukuza. Hofu ya mbolea mbovu si ya kubuni: mwaka 2024 majirani zetu Kenya walikuta mbolea isiyo na kiwango ndani ya mpango wao wenyewe wa ruzuku. Nembo ya serikali kwenye mfuko haikuondolei kazi ya kuangalia.

Upande wa pili wa bei, wa kuuza, huduma ni finyu zaidi. Mkulima wa mahindi halipwi nyongeza ya bei. Kilichopo ni NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, yenye kanda yake Arusha, kununua kwa bei iliyotangazwa pale vituo vinapofunguliwa. Shehena hurudishwa kwa unyevu kuliko kwa lingine lolote: unatakiwa usizidi asilimia 13.5. Kipimo cha chupa kavu na chumvi kavu, kutikisa na kuona kama chumvi inang’ang’ania kioo, kinakamata mahindi yaliyo juu ya asilimia 15 hivi. Chumvi isiposhika bado unaweza kuwa kwenye 14, ukarudishwa. Anika siku moja au mbili zaidi juu ya turubai, si juu ya udongo, na upepete kabla ya kukodi gari. Mahindi ya tambarare yanavunwa Julai na Agosti huku mlimani kukiwa na ukungu, kwa hiyo usiyapandishe nyumbani yakiwa hayajakauka.

Kwa jumla tunaipa huduma hii alama saba kwa kumi. Mbili zinaondoka kwa mzigo wa masika kuchelewa kufika kaskazini, na moja kwa mfumo unaosimama kila mtandao unapopepesuka bila wakala kupewa njia ya akiba. Tungependa kuona kitu kimoja kikibadilika kabla ya vingine: mgao wa DAP wa Kilimanjaro na Arusha uwe stoo za wilaya ifikapo katikati ya Januari, na mawakala wa kata za mbali wafikishiwe moja kwa moja badala ya kila mtu kushuka mjini. Mtendaji, afisa ugani na diwani ndio watu wa kuambiwa hilo, kwa maandishi, na idadi ya ekari za kijiji ikiwa imeambatanishwa.

Mbolea uliyonunua Januari itakaa miezi miwili hadi mitatu. Iweke juu ya mbao au magogo, si sakafuni, mkono mmoja kutoka ukutani, mbali na mbegu na chakula, na mfuko usifunguliwe hadi siku ya kazi. Urea inavuta unyevu wa hewa na inaweza kuganda kama jiwe kufikia Aprili. Ikiganda haijaharibika. Ipige kwa gogo ikiwa bado ndani ya mfuko, ichekeche kwenye chekecheo la mchanga, na mabonge yaliyobaki uyarudie. Shimoni yaende yaliyosagika tu, kwa sababu bonge moja kando ya mche linauunguza, na mashimo kumi yanayofuata yanakosa.